Dakika Tatu za Mwanzo

2 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila mguu wangu wa kushoto umevimba kwa kusimama. Huo mwanzo wa filamu yako umenifikia. Dakika tatu na sekunde kumi. Nimeutazama mara sita na sasa nataka majibu.

Uliniomba karakana siku mbili, ukasema ni filamu kuhusu kazi. Karakana hii niliianza na cherehani moja ya kuazima, leo ziko kumi na nane. Kwako zimekuwa mia. Kuta zangu za manjano zimekuwa rangi ya majivu. Mafundi wangu wanaonekana visogo tu. Nimehesabu, sekunde mia na kumi kabla ya uso wa kwanza. Na hiyo sauti inayohesabu nguo kwenye kipaza sauti ni yangu. Nani kakuruhusu? Ile fomu yako ya ridhaa iko kwenye droo, haina saini, na itabaki hivyo mpaka unieleze.

Dada yako

6 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na mguu, kaa chini japo kidogo.

Hiyo si karakana yako. Ni nchi ya kubuni, miaka mingi mbele, ambako watu wamegeuzwa namba. Mtazamaji lazima aiogope kabla mtu hajatamka neno, ndiyo maana ya hila zote hizo. Kamera niliipandisha darini ili watu wawe wadogo. Rangi nimeipunguza ili isijulikane ni asubuhi au jioni. Mlio wa cherehani nimeurudufu mara tano, kisha nikaukata ghafla mlango unapofunguka. Sauti yako niliirekodi bila kukuambia, maana waigizaji watatu walishindwa kuhesabu bila kupumua. Hapo nimekosa, nisamehe. Tamasha linapokea filamu mwisho tarehe kumi na tano. Bila saini yako, miaka yangu minne imekwenda na maji.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Mguu unaendelea vizuri, usiutumie kunilainisha.

Hila umetaja nne. Ya tano umeiruka. Sekunde ya sabini na mbili mlango unafunguka, na vichwa vyote vinainama kwa pamoja. Hapo uliwafundisha. Mlifanya mazoezi mara ngapi? Au kuna mtu humu ndani aliyekupelekea maneno juu yangu? Namshuku mpiga pasi, yule ana mdomo. Mtaje tu, nijue nakula na nani.

Dada yako

12 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeiandika na kuifuta mara tatu.

Hatukufanya mazoezi hata mara moja, wala hakuna aliyenipa maneno. Mpiga pasi mwache. Ilikuwa siku ya kwanza, tunajaribu taa, kamera imewashwa tu. Aliyefungua mlango ni wewe. Ulikuja kutuuliza kama tumekula. Nikakukata wewe, nikaacha vichwa. Ukitaka nikiondoe kipande hicho, nitakiondoa.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Sikukuamini. Basi leo mchana niliwakusanya mafundi nikawaonyesha. Barua zako sikuzitaja. Walicheka sana walipojiona wako mia. Mlango ulipofunguka, kicheko kikakatika.

Nikauliza, "Haya, nchi hiyo mnaionaje?"

Mshona vifungo, ambaye kwa miaka saba sijamsikia akisema zaidi ya "ndiyo bosi", akajibu huku anatazama viatu vyake: "Hiyo rangi ya majivu kazidisha, bosi. Ila hiyo sauti ya kuhesabu kaipunguza ukali."

Nikangoja mtu acheke. Hakucheka hata mmoja.

Fomu nimeitia saini. Dereva wa mizigo atakuwa kwako kesho kabla ya saa nne. Usikate kitu. Ila wewe uliyekaa nao siku mbili, niambie: nikishatoka na mlango ukafungwa, huwa wanaongea nini?

Dada yako