Gari la Baba Limezimika

Kikole,
14 Novemba

Kwa shemeji yangu Benjamini,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Rutamba, wewe, dada Flora, na mpwa wangu ambaye hata sura yake siijui. Sisi hatujambo, ila mama anasumbuliwa na magoti, na mikorosho mwaka huu imezaa mpaka tunachoka kuokota. Simu zangu hupokei, na una haki. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Habari kubwa ni gari. Ile pikapu uliyotengeneza kabureta yake mwezi wa sita, ikaanza ukaidi wa kunguruma hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa Baba, ilizidi ulipoondoka. Jumapili moja Baba aliizima mbele ya kanisa, akashuka, akapeana mikono na watu watatu, gari bado linatetemeka kama mwenye homa. Ikabidi arudi atie gia, akanyage breki na kuachia klachi ndipo life. Watu wakacheka. Baba akarudia yale maneno aliyokutamkia wewe siku aliyokufukuza, kwamba amemwoza binti yake kwa fundi wa kubahatisha. Mimi nilikuwepo, nikatazama viatu vyangu.

Wiki iliyopita Baba akaagiza fundi kutoka Kilwa Kivinje. Shemeji, nilitegemea mzee mwenye kitambi. Akaja mwanamke, Warda jina lake, ushungi umefungwa nyuma ya shingo na sanduku la spana mkononi. Baba akamuuliza fundi mwenyewe atafika saa ngapi. Warda akamwamkia shikamoo, akasema fundi ameshafika na anaomba ufunguo.

Nilivyomtazama akifanya kazi nilisahau hata kula. Hakukimbilia kufungua kitu. Aliwasha, akazima, akasikiliza, mara nne nzima. Akaanza na kabureta, maana Baba alishamwambia mchawi ni wewe. Akaikagua, akairudisha bila kugusa skrubu hata moja, akasema aliyeifunga ana mkono mzuri na kazi ile hata yeye angejivunia. Baba akakohoa. Kisha akatoa plagi, zote nyeusi, zina utando wa oili. Akanusa mafuta ya tangi, akanusa tena. Alipofungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, tukaona masizi magumu kama ukoko wa sufuria. Akatueleza kwamba masizi yale yakishika moto yanakuwa makaa, na petroli ikiingia inawaka yenyewe bila kungoja cheche ya plagi, kwa hiyo ufunguo hauna kazi. Alikwangua kutwa, akamwaga mafuta yote, akatia mapya. Baba alipozungusha ufunguo, gari likanyamaza palepale. Mama akapiga kigelegele, magoti yake akayasahau.

Kabla ya kuondoka, Warda aliniita nimbebee sanduku. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani hapa nyumbani anayepulizia mikorosho. Nikajua ameshanijua. Akasema yeye hajamwambia Baba, maana hilo si la fundi kusema, ni la mwenye dumu.

Shemeji, ni mimi. Tangu mwezi wa tano nilikuwa nikilichukua gari Baba akiwa shambani, naenda Kivinje kutazama mpira. Ili mshale wa mafuta usishuke, nilijazia petroli kutoka dumu la mashine ya kupulizia mikorosho salfa, ile tunayoichanganya na oili. Oili ile ndiyo iliyogeuka masizi. Ulifukuzwa kwa kosa langu nikisikia kwa masikio yangu, nikakaa kimya. Mtoto akazaliwa, Baba akakataa kwenda kumwona, nikakaa kimya. Nisamehe. Mgeni wa siku moja alikutetea, mimi shemeji yako nikashindwa.

Juzi nilimwambia Baba yote. Hakunipiga wala kunitukana, alikaa tu barazani mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema mkwe haitwi kwa barua wala kwa simu, anafuatwa. Jumamosi anakuja mwenyewe, na mama, na majogoo wawili. Mimi nimepangiwa nyuma pamoja na majogoo, na Baba ameagiza nishuke wa kwanza.

Msalimie sana dada, na umpakate mpwa wangu kwa niaba yangu. Jumamosi ukisikia gari likizimwa mlangoni kwako, na likazimika, usijifungie ndani. Ni sisi.

Shemeji yako mkosefu,
Tomaso