Sahani ya Saa Kumi Alfajiri

Jumanne, 9 Septemba 1975

Saumu ya tatu. Kiatu cha kulia kimeachama tena. Nimekishona kwa uzi wa nailoni wa bohari, msimamizi akiwa amegeuka. Kutwa nzima nimegawa boliti na grisi. Jioni mazoezi, mizunguko kumi na miwili ya kiwanja. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Kusukutua ruhusa, kumeza hapana.

Bado nina mbio. Miaka thelathini na miwili, na leo yule beki mpya wa kushoto nimemwacha hatua nne. Nimefurahi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Namba saba mgongoni tangu 1962. Makocha watatu, goti moja bovu, meno mawili niliyoyaacha Likasi. Kampuni ya mgodi inanilipa kwa ajili ya bohari, lakini kila mtu anajua inanilipa kwa ajili ya mguu wa kulia. Sina malalamiko.

Alhamisi, 11 Septemba

Mwaka huu kuna jambo. Tangu nianze kucheza, mfungo ulikuwa unaangukia wakati wa mvua, ligi imelala. Kila mwaka umekuwa ukisogea kidogo nyuma. Sasa umetoka kwenye mvua na kuingia kwenye mechi. Nusu fainali ya kombe, Jumapili hii kule Fungurume, marudiano hapa Kolwezi tarehe ishirini na nane.

Shida si njaa. Shida ni sahani.

Siku ya mechi sisi kumi na mmoja tunakula sahani moja. Mlima wa bukari, ugali wa huku, samaki, sombe ya majani ya muhogo, mikono kumi na moja. Hakuna anayekula pembeni, hakuna anayeacha kula. Asiyekula na wenzake amelishwa na wengine, na aliyelishwa na wengine atawachezea hao. Ndivyo tunavyoamini hapa. Mimi mwenyewe nimeamini miaka kumi na mitatu, huku nikilamba vidole.

Kocha, Tata Mutombo, nimemwambia kwamba ninafunga. Amekuna shingo. Amesema tutaona.

Jumapili, 14 Septemba

Tumefungwa moja bila. Naandika yote, nisijidanganye baadaye.

Tulifika Fungurume kabla ya saa sita. Sahani ikatolewa chini ya turubai la lori. Harufu ya samaki ilinifikia nikiwa mbali. Sikuweza kukaa pale kuwatazama. Nikaenda sokoni kumsalimu baba mdogo Amisi, anauza vikwembe, vitambaa vya wanawake, huko. Nilikaa kwake karibu saa nzima, kwenye mkeka, bila hata maji. Alinicheka. Alisema msafiri anaruhusiwa kula, siku atailipa baadaye, kwa hiyo niende nikale na wenzangu. Nilikataa. Tangu nina miaka kumi na miwili sijaacha hata siku moja, hata nikiwa na homa. Ndilo jibu nililompa, tena kwa maringo.

Nikarudi kuvaa. Ilunga, kapteni wetu, beki wa kati, alinitazama tu.

Dakika ya themanini golikipa wao alikuwa chini. Goli wazi. Mimi na upepo, basi. Nikapaisha juu ya mwamba. Miguu haikutetemeka. Niliupiga vibaya, kama nilivyowahi kuupiga vibaya nikiwa nimeshiba. Lakini nani atasadiki?

Jumatatu, 15 Septemba

Leo watu wamekuja bohari kuchukua boliti ambazo hawana kazi nazo. Wamekuja kuniangalia.

Mwenzangu wa zamu amenieleza mwisho wa saa za kazi, akiinamia daftari. Wanasema sikugusa sahani. Wanasema nilionekana nikiingia nyumba ya watu wangu kule Fungurume. Wanasema nililishwa huko nikauza mechi. Hata goli wazi limepata maelezo yake.

Watu wangu! Baba alikuja na lori kutoka Kasongo, mbali kaskazini, kabla sijazaliwa. Mimi nimezaliwa hapa, nyuma ya reli. Kasongo sijawahi kuiona hata kwa dawa. Miaka kumi na mitatu nilikuwa winga wa Kolwezi. Kwa mkwaju mmoja nimekuwa mtu wa Kasongo.

Imeniuma. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatatu hiyohiyo, baada ya futari

Naandika zaidi. Mwaka juzi tulikuwa na golikipa, mtu wa Mutshatsha, mpole. Siku moja hakula kwenye sahani. Alisema tumbo linamsokota. Tukafungwa tatu. Tukamwondoa. Tulinyoosha mikono wote, na wangu ulikuwa wa kwanza kwenda juu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimejiuliza kama kweli tumbo lilikuwa linamsokota.

Jumatano, 17 Septemba

Mazoezi. Nimekimbia upande wangu mara ishirini na kitu. Sikupewa mpira hata mara moja. Winga asiyepewa mpira ni mlinzi wa mstari wa chokaa.

Kapend, golikipa wetu wa sasa, ndiye mchekeshaji wa timu. Leo hakunitania. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Ijumaa, 19 Septemba

Baba amerudi kutoka Kisenge na lori lake, spring moja imekatika. Habari alikuwa ameshazipata njiani. Nilidhani atafurahi. Hajawahi kukanyaga kiwanjani. Siku zote amesema mwanamume mwenye watoto hakimbii na kaputula mbele ya watu.

Hakufurahi. Aliniuliza kwa nini sikula nikiwa safarini. Nikamwambia kuhusu miaka kumi na miwili na homa. Akaweka chini kikombe.

“Mi mu njia nakulaka, kisha nalipa,” amesema. “Wewe ulikuwa unataka kuonesha nani?”

Mke wangu Mwamini alikuwa anachambua mchele na sikupenda alivyokuwa anatabasamu kwenye ungo. Miaka yote nilidhani baba anafunga barabarani. Kumbe hula mihogo ya kuchoma kwenye vituo vyote vya njiani, halafu analipa siku moja moja. Ana dini ya mtu mwenye akili. Mimi nilikuwa na ubishi tu.

Alipoondoka alisimama mlangoni, akamwambia Mwamini, si mimi: “Mutoto yangu hawezi kuuzisha kitu yenye haiko yake.”

Nimeisikia. Inatosha kwa wiki moja.

Jumapili, 21 Septemba

Tata Mutombo ametuita kwenye nyumba ya timu. Hakunishtaki. Ni mtu wa haki kwa namna yake. Alisema yeye hasadiki maneno ya sokoni, lakini wachezaji kumi wanayasadiki, na timu ni hao kumi. Kisha akakata shauri.

“Mwenye haiko pa sahani, haiko pa kiwanja. Ni vile, citoyen.” Raia, ndivyo tunavyoitana siku hizi.

Sahani ya tarehe ishirini na nane ni saa sita mchana, hapa Kolwezi. Nyumbani. Hakuna safari ya kujificha nyuma yake. Nikila, navunja saumu bila udhuru. Nisipokula, nakaa benchi mbele ya mji mzima, na kila mtu atajua kwamba nimekubali kosa. Kwa umri wangu, nikivuliwa namba saba kwa jina la mwizi, sitarudishiwa.

Sitakula. Nimeamua nikitembea, kabla sijafika kwenye reli. Niliamua haraka na nikasikitika polepole.

Jumatano, 24 Septemba

Baruti ya saa sita kule mgodini imepasua kioo cha dirisha la bohari. Kazi nyingi, nashukuru.

Nimerudi nyumbani nikaambiwa Ilunga alikuja. Hajawahi kuja peke yake. Hakukaa. Alimwuliza Mwamini sisi huamka kula saa ngapi wakati wa mfungo, na kama bukari inaruhusiwa saa hizo au ni lazima vitu vya wali. Mwamini akamwambia saa kumi alfajiri, na kwamba Mungu hajakataza bukari. Akasema asante mama, akaenda zake.

Ilunga ni Mkatoliki wa Manono. Kila Kwaresima Ijumaa hutoa nyama mdomoni hata kama ni nyama ya harusi, na hakuna aliyewahi kumwuliza kitu. Sijui ana mpango gani. Nimelala vibaya usiku wa jana na leo sidhani nitalala vizuri.

Ijumaa, 26 Septemba

Mwenzangu wa zamu anasema Ilunga na kocha wamegombana mpaka majirani wakatoka nje. Hajui kuhusu nini. Mimi nimeagizwa nije nyumba ya timu Jumapili saa kumi. Nikauliza saa kumi jioni, wakati wa mechi? Hapana. Alfajiri.

Jumapili, 28 Septemba

Goti linauma lakini nitaandika.

Nilifika gizani. Taa ilikuwa inawaka. Wote kumi walikuwa wamekaa kuzunguka sahani, wamejifunga mablanketi, nyuso zimevimba kwa usingizi. Mke wa Ilunga amesonga bukari tangu saa nane. Hakuna aliyetoa hotuba. Ilunga alisogea kidogo, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.

Nikanawa. Nikaingiza mkono. Mikono kumi na moja.

Nilikula huku machozi yananitoka na nikasingizia pilipili. Kapend alilala ameshika tonge. Beki wa kushoto akalichukua tonge lile akalila yeye, Kapend akaamka akalalamika, na kicheko kikaanza, kile kicheko cha zamani. Tata Mutombo alisimama mlangoni na mikono nyuma, kama mtu aliyeshindwa kesi. Mwisho akaja naye, akachota sombe. Muadhini alipoanza, sahani ilikuwa nyeupe.

Saa sita mchana hakuna aliyekula tena. Sahani ni moja, siku ni moja, alisema Ilunga. Kwa hiyo tuliingia kiwanjani kumi na mmoja wenye njaa. Kocha alikuwa amefumba macho.

Mechi ilichelewa, gari la mwamuzi lilikwama. Kipindi cha kwanza bila bila. Nilipata mpira. Nilipata mipira mingi mno, nadhani walikuwa wananilipa ya wiki mbili. Dakika ya sitini na kitu Kapend alipiga mpira mrefu, nikamkimbiza beki wao hadi kona, nikarudisha ndani, Ilunga mwenyewe akafunga kwa goti. Moja bila. Kwa hesabu ya mechi mbili, sare. Dakika za nyongeza.

Kipindi cha kwanza cha nyongeza kikaisha. Jua lilikuwa linakaa juu ya vilima vya udongo wa mgodi. Koo langu halikuwa tena langu. Cha pili kikaanza nikiwa upande wa watu, chokaa chini ya kiatu kile nilichokishona, na nikaliona shati ambalo silioni kiwanjani. Shati jeupe la Ijumaa la baba. Yuko nyuma ya kamba, na kikombe cha bati.

Hakuwa anatazama mpira. Alikuwa anatazama jua.

Lilipozama aliruka kamba. Mzee wa miaka sitini na kitu, ameruka kamba. Mshika kibendera akampungia kibendera, baba akampita kama anavyopita kizuizi cha barabara akiwa na haraka. Mpira ulikuwa upande wa pili, kwa bahati yangu. Akanipa tende. Nikamwambia baba, tuko kwenye mechi.

“Kula kwanza. Mupira haitakimbia.”

Nikala. Nikanywa maji yote, mengine yakaingia kifuani. Mtu mmoja wa upande ule akapiga makofi, halafu wote. Nadhani ndipo maneno ya Fungurume yalipokufa, mbele ya macho yao. Mtu aliyesubiri jua namna ile hakulishwa na mtu.

Baba alikuwa bado anarudi nyuma ya kamba mpira uliponijia. Kokwa ya tende ilikuwa shavuni, sikupata muda wa kuitema. Beki wao alikuwa amechoka. Nilimpita kwa nje, njia yangu ya miaka yote. Nikatazama juu, nikapiga krosi. Kichwa cha Ilunga. Mbili bila.

Filimbi. Nilikuwa nimelala chali kwenye vumbi, na kokwa bado iko shavuni.

Jumatatu, 29 Septemba

Goti limevimba. Bohari wameniletea boliti walizochukua bila kazi. Wamezirudisha moja moja. Nimeziandika zimerudi.

Nimemtumia ujumbe yule golikipa wa Mutshatsha, kwa dereva wa baba. Nimemwambia ninamwomba msamaha kwa ajili ya mkono wangu ulionyooshwa. Sijui kama atajibu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Idi ilipita vizuri. Ilunga na Tata Mutombo walikula pilau kwa baba, sahani moja. Mvua ya kwanza imenyesha jana, vumbi limelala. Goti limepungua.

Fainali ni Jumapili. Mfungo umeisha, ninaweza kula mchana kama watu wote. Nilikuwa nimekwisha kujipangia usingizi wa kutosha. Leo baada ya mazoezi Ilunga ametangaza kwamba sahani ni saa kumi alfajiri. Kapend amelia kwamba Ramadhani imekwisha. Ilunga amejibu kwamba tulishinda na ile, na timu haibadilishi sahani iliyoshinda. Wote wameniangalia mimi. Nimeinamia kiatu changu.

Dereva amerudi. Golikipa yule anasema tumbo lilikuwa linamsokota kweli, na kwamba Jumapili atakuja kutazama.

Baba anafunga wiki hii, analipa siku zake za barabarani. Zimebaki nne. Amemwuliza Mwamini kama kwenye sahani ile ya alfajiri kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi. Lori la Kisenge litaondoka Jumatatu, baada ya fainali.