Jimbi la Rayha

Jumamosi, 4 Oktoba
Asubuhi kikombe kimoja cha maji, jioni kimoja. Nimefuta vumbi kwenye jani. Ni moja tu, lakini limetanda kama mwavuli, na bua lake lina madoa kama chatu. Rayha aliuagiza mbali, mti adimu, wenye jina refu nisiloliweza. Mie nauita jimbi, maana chini una kiazi kama jimbi la kwetu.
Nimetoa salamu mlangoni kama kawaida. Chumba cha Rayha kitupu, lakini salamu haina hasara. Tangu tumzike mwanangu mwezi wa nne sijaacha.

Alhamisi, 16 Oktoba
Jani linageuka manjano. Nimezidisha maji. Kwetu Pemba, si huku kwenye baridi, jimbi hukaa bondeni, miguu majini, likanawiri. Nimeufukizia na ubani, usiku wa Ijumaa huu.
Ile taa ya zambarau juu ya mti imejiwasha tena alfajiri. Baba Rayha kasema ina saa ndani, Rayha mwenyewe aliitega. Basi si ni yeye anayewasha? Sikumwambia hivyo.

Jumapili, 2 Novemba
Jani limeanguka. Limelala kwenye zulia kama mkono wa mtu.
Nimelia mpaka Baba Rayha akaja. Kakaa kwenye kitanda cha Rayha, mara ya kwanza tangu msiba. Kasema taratibu: "Mama Rayha, ukifa huo mti, tumpe Samira chumba. Mtoto analala kwenye kochi."
Kweli. Mdogo wake Rayha ana miaka kumi na tano na mgongo unamuuma kama bibi. Lakini chumba kikiwa cha mwengine, Rayha atarudi wapi? Najua hawarudi. Nimeandika tu.

Jumatatu, 3 Novemba
Samira kasoma kwenye simu. Kanieleza kwa Kizungu, kama siku zote. Mti haufi, umelala. Hulala kila mwaka, na ukilala haunyweshwi. Maji ndiyo yanayouua.
Kumbe nilikuwa nauzamisha kwa mapenzi.
Tumechimba kiazi. Ubavu mmoja umeoza. Nimekata kwa kisu cha samaki, nikapaka majivu ya chetezo cha ubani. Samira kashika tochi, kaziba pua. Tumekiweka kikavu, bila udongo, kwenye kiti cha Rayha karibu na hita. Naogopa kukitazama.

Jumatano, 21 Januari
Kiazi kimetoa pembe. Hakina udongo, hakina tone la maji. Kinakula nini? Nimesoma Ayatul Kursi, nikatoka kinyumenyume.

Jumatatu, 9 Februari
Pembe imerefuka. Nikifungua mlango naona mtu kakaa kitini, kanipa mgongo. Alfajiri taa ikiwaka ana kimo cha Rayha. Nimeunguza wali mara mbili. Barabarani nimepitwa na basi nimesimama hapohapo kituoni.

Alhamisi, 12 Februari
Ua limefunguka. Rangi ya damu iliyoganda. Nyumba nzima inanuka mzoga. Baba Rayha kasogeza friji akitafuta panya aliyekufa. Jirani wa chini kagonga mlango. Samira kasema ndivyo lilivyo, linaita nzi.
Baba Rayha kaja na mfuko mweusi wa taka. Samira kajibanza mlangoni, hapiti mtu. Kamwambia babake, kwa Kiswahili: "Huu wa dada."
Baba karudi na mfuko wake.
Mie nikaingia, nikakaa. Rayha nilimwosha kwa mikono hii. Alinukia karafuu maiti, mzuri, kama kalala. Tangu siku ile fikra zangu huteremka chini ya udongo, nikazifukuza. Leo harufu imepanda yenyewe mpaka kwenye kiti chake. Sikukimbia. Nimejifunika khanga puani, nikakaa na mwanangu mpaka Maghrib.

Jumapili, 15 Februari
Ua limenywea. Tumefua mapazia, madirisha wazi, baridi ya kukata masikio. Kiazi kizima, kimepungua tu. Nimekirudisha kitini.
Nimemwambia Samira alete mto wake. Kauliza kama nina hakika. Nikasema kiti kisiguswe, mengine yote yake.

Jumanne, 17 Februari
Sikumwagilia kitu.
Alfajiri taa imejiwasha. Nimetoa salamu mlangoni.
Samira kaitika.