Gamba la Shosh

Jumatano, 7 Mei

Wamefika! Shemeji Luseno amewaleta asubuhi kutoka Naivasha, ndani ya ndoo ya rangi, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Kamba wawili wa maji baridi, dume na jike, wekundu kama pilipili. Mtaala unasema mwanafunzi achunguze kiumbe hai. Miaka miwili tumechunguza picha iliyofifia ukutani. Leo Gredi ya Saba, wote sabini na ushee, karibu wapande meza yangu.

Tumehesabu miguu. Kumi, ukiweka na magando mawili ya mbele, yale ya kubana. Macho yako juu ya vijiti. Akiogopa anapiga mkia na kurudi nyuma kwa kasi. Dume wamemwita Karao, yaani polisi, kwa sababu anakamata kila kitu. Jike ni Shosh, bibi kizee. Gando lake la kushoto ni dogo — lilikatika, linamea upya. Griffins akasema angetaka jino lake nalo limee hivyo. Darasa likaanguka kicheko.

La maji nimelisema mpaka koo likauma. Maji ya bomba yana dawa ya kanjo, klorini ile ya baraza la mji, na dawa hiyo inawaua hawa. Lazima yalale siku mbili kwenye beseni la kijani kwanza, kabla ya kutiwa kwenye beseni lao. Mwalimu mkuu, Bwana Ndirangu, akachungulia dirishani kuuliza kama wanaliwa. Nikamwambia si leo.

Jumanne, 13 Mei

Wangu, msichana wa Gredi ya Saba, amerudi. Wiki mbili hakuwepo. Mdogo wake, Ndung'u, wa miaka minne — kipindupindu. Ijumaa alikuwa anacheza kwenye ngazi za ploti wanakopanga, Jumapili hayupo. Nilienda kwao kuwapa pole kabla hawajasafiri kwenda kuzika Murang'a. Mama yake alinishika mkono akakataa kuuachilia.

Leo mtoto ameketi nyuma kama mgeni. Na Sally, jirani yao, ameshalitangazia darasa zima: maji aliyokunywa Ndung'u aliyachota Wangu, na Wangu ndiye alisahau kuyatia dawa. Nimemtoa Sally nje, nimemwambia aliyostahili kuambiwa. Lakini yameshasemwa.

Kengele ya mwisho ikilia nimemwita Wangu. Nimemwambia kuanzia leo yeye ndiye mlinzi wa kamba. Dagaa mmoja wa omena jioni na kipande cha jani la sukuma. Maji atoe kwenye beseni la kijani, lile tu. Akaitikia kwa kichwa. Sijui kama nimefanya vizuri. Nilitaka tu awe na kitu kinachopumua mikononi.

Alhamisi, 22 Mei

Kelele asubuhi. Shosh amekufa! Shosh amekufa! Nikakimbia. Amelala ubavu, hatikisiki, mgongo umepasuka. Nikamwinua — mwepesi mno. Mtupu. Lilikuwa gamba. Amelivua lote, mpaka ngozi ya macho, mpaka vipapasio. Shosh mwenyewe alikuwa ndani ya kipande cha bomba tulichowawekea, laini kama yai la kuchemsha. Nimemhamishia Karao kwenye ndoo haraka. Akimkuta laini hivyo atamla.

Nikalipitisha gamba darasani, dawati kwa dawati. Nimewafunza kuligeuza, waanze kutazama chini, kwa sababu mambo mengi ya kamba yako tumboni na chini ya mkia. Lilipomfikia Wangu akasema. Sauti yake ya kwanza tangu arudi.

"Kwa hivyo hakuwa amekufa. Alikuwa amejificha tu."

Nikasema ndiyo. Akauliza kama viumbe wote huweza. Nikasema hapana, hawa, na kaa, na wadudu. Nilijua ananiuliza nini. Nimeenda choo cha walimu nikalia kama mjinga, kisha nikanawa uso, nikafundisha Gredi ya Nane.

Gamba nimelifunga kwa pamba, liko kabatini.

Jumanne, 3 Juni

Karao na Shosh wako pamoja tena. Wangu amemgombeza Griffins kwa kuchovya kalamu majini. Amegomba kwelikweli, kiuno kimeshikwa! Bomba la shule kavu tangu jana.

Jumatatu, 16 Juni

Karao alitoroka wikendi. Wangu amempata chini ya kabati, mkavu, vumbi limejaa kwenye matamvua. Hakulia. Aliuliza kama ni yeye aliacha kifuniko wazi. Nikasema ni mimi. Sikumbuki kama ni mimi. Akauliza tena wakati wa uji. Akauliza tena akienda nyumbani. Nikasema Wangu, nimekuambia ni mimi, mama, wacha. Sauti ilinitoka kali, sikupenda.

Jumanne, 24 Juni

Mayai! Shosh ana mayai chini ya mkia, mengi, meusi, kama mbegu za papai. Hata Bwana Ndirangu amekuja na miwani.

Nimewaeleza. Yamegandishwa kwenye vile vijiguu vya chini ya mkia, anavipepea ili yapate hewa. Mpaka yaanguliwe Shosh havui gamba. Akivua, mayai yatatoka na gamba. Wangu alilirudia hilo polepole, akilimeza. Halafu akamgeukia Sally — Sally! — akamwonyesha mahali pa kutazama. Wamechutama pamoja mpaka kengele.

Mama yake Wangu amenipigia jioni. Anasema nyumbani mtoto haongei lingine, ni watoto wa Shosh tu. Amekula. Amelala bila taa.

Jumanne, 15 Julai

Ukiangalia vizuri sasa, kila yai lina vidoa viwili. Ni macho. Wiki hii au ijayo.

Watu wa afya wamekuja. Kipindupindu kimerudi, wagonjwa wapo mtaa wa pili. Kila darasa limepewa chupa ya dawa ya maji. Paredi ikaitwa saa ya chai. Bwana Ndirangu akatangaza: maji yoyote, chombo chochote ndani ya shule hii, kifuniko kimoja cha dawa. Na atakayesahau, ajue amemuua mwenzake.

Alisema hivyo. Wangu amesimama mstari wa pili. Sally alimtazama, wengine wakafuata. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Baadaye Wangu akaja mezani kuomba awe mtunza dawa wa darasa. Nikampa chupa. Nilifurahi, hata. Nikasema moyoni mtoto amepata nguvu, kisha nikakimbilia mkutano wa walimu.

Jumatano, 16 Julai

Nimefika mapema, hakuna mtoto. Harufu imenipokea mlangoni. Harufu ya dawa.

Shosh yuko chali. Miguu imekunjamana. Nimemgusa, nimempuliza, nimembadilishia maji, nimemgusa tena. Hakuna. Mayai yamepauka, vile vidoa bado vinaonekana ndani. Chupa ilikuwa kando ya beseni, imefungwa vizuri, kifuniko kimepanguswa. Ni mtoto nadhifu.

Muhonja, anayefagia madarasa, aliingia na ufagio. Nikamuuliza nani alibaki jana.

"Si Wangu wako? Alinionyesha mwenyewe, Mwalimu. Akasema sasa hata watoto wa Shosh hawataugua."

Hakuwepo. Siku niliyoeleza habari ya dawa, siku niliyosema mpaka koo likauma, Wangu alikuwa Murang'a akimzika ndugu yake. Mimi nilimwambia beseni la kijani, lile tu. Sikumwambia kwa nini. Miezi miwili ametii bila kujua sababu. Jana mwalimu mkuu akampa sababu nyingine.

Mara ya kwanza alisahau dawa. Mara hii hakusahau. Nani atamweleza mtoto wa miaka kumi na miwili jambo kama hilo? Mimi siwezi. Nimejaribu maneno kwa sauti, darasa tupu. Hayapangiki.

Nimemfunga Shosh kwa gazeti, nimempa Muhonja akamzike nyuma ya jikoni, nimemwomba asiseme. Alinitazama vibaya lakini amepokea. Nimetafuta kabatini. Nimetoa pamba. Nimeliweka gamba la zamani ndani ya beseni, karibu na bomba, lilale ubavu kama siku ile. Chupa ya dawa nimeificha kwenye mkoba wangu. Wiki moja tu, nilijiambia. Shemeji aende Naivasha, alete jike mwingine. Watoto hawatajua.

Sasa ni kipindi cha pili. Naandika hapa mezani, wao wanachora. Walipoingia niliwaambia Shosh amejivua tena, amejificha, ni laini, asisumbuliwe. Wameshangilia! Sally amepiga makofi. Nimetabasamu mpaka mashavu yanauma.

Wangu hakushangilia. Alikwenda kwenye beseni, akainama. Alinusa. Akauliza kama anaweza kulitoa gamba, nikasema acha kwanza. Dakika chache baadaye nimeinua macho, ameshakunja mkono wa sweta, ameshalitoa. Amelipangusa kwa sketi. Amelilaza kiganjani.

Amelitazama juu kidogo tu. Halafu amelichezesha, amelipindua, na ameanza na chini. Mkia. Vile vijiguu. Kimoja kimoja, kwa ncha ya kidole. Ndivyo nilivyomfunza.

Anakuja.

Amefika. Amesimama ubavuni mwangu, mgongo ameugeuzia wenzake, na amesema kwa sauti ndogo, ya mimi tu kusikia:

"Mwalimu, mayai yako wapi?"

Nimemwambia subiri, namalizia kuandika. Bado amesimama hapa, gamba mkononi.