Mpini Niliopima kwa Kimo Changu

Mama Kulwa, mke wangu,

Sijui kama huko uliko barua zinafika. Ulipokuwa hapa Nyahanga sikuwahi kukuandikia hata mstari mmoja, maana tulilala kitanda kimoja na la kusema tulilisema, au ndivyo nilivyodhani. Leo nimekaa hapa kibandani, baiskeli ya mtu imepinduliwa mbele yangu inangoja mnyororo, na mikono haitaki kazi. Nimechoka, mama. Si uchovu wa jana au juzi. Ni ule mtu analala nao na kuamka nao. Basi nimeona nikuandikie, na atakayeiokota barua hii na aisome, sina tena cha kuficha.

Kwanza ujue habari za nyumbani. Doto yuko salama kwa mume wake huko Geita, cherehani yake inamlisha. Kulwa amechukua nafasi yako kule karasha, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nilimkataza, akanisikiliza kwa heshima zote, na Jumamosi iliyofuata akafunga kitenge kiunoni akaenda. Unamjua mwanao. Kwa kimo na kwa ukaidi ni wewe mtupu.

Unakumbuka siku tuliyokutana? Kagongwa, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, gurudumu la baiskeli ya kaka yako limepinda kwa uzito wa gunia. Mimi nilikuwa nimetoka Tinde na spana zangu nne kwenye mfuko wa rambo, najiita fundi. Nilipomaliza kulinyoosha nikasimama nikakusalimia, nawe ukainua kichwa kunitazama, ukasema, "Wewe kaka, kukusalimia tu shingo inauma." Watu wote wa mashineni wakacheka. Nilikuoa kwa maneno yale. Kichwa chako kiliishia kwapani kwangu, na kwa miaka yote ile nililiona jambo hilo kuwa la kutaniana tu.

Ulipoanza kazi ya sakafu watoto walikuwa wakubwa. Uliniambia jinsi kazi yenyewe ilivyo: mashine inaposaga mawe ya wachimbaji, unga unaruka na kutua chini, maji yanamwagika juu yake, watu wanaukanyaga wiki nzima mpaka unagandamana na saruji kama ukoko wa ubwabwa chini ya sufuria. Jumamosi mchana mashine zikizimwa, sakafu ni ya kina mama. Mnaukwangua ukoko ule, mnaupeleka mwaloni, penye maji, kuuosha, na chembe ya dhahabu itakayoonekana ni yenu. Ndiyo desturi ya pale na hakuna mwanaume anayeigombea. Sharti ni moja tu, msiichimbe saruji. Atakayeiacha sakafu na shimo, mwenye karasha anamfukuza na wenzake wote.

Mlikuwa mnachuchumaa na vipande vya panga. Siku ile uliporudi magoti yametoka damu, mimi nilipandwa na hasira. Nikasema mke wa fundi hawezi kutambaa sakafuni kama mtoto. Nikafanya kazi siku mbili bila kugusa baiskeli ya mteja. Nilichukua bomba refu, nikachomelea kisu kilichotoka kwenye springi ya lori, nikakinoa mpaka kinang'aa, nikapaka rangi ya kijani. Huku juu nikavika mpira wa kushikia, mpya kabisa, wa usukani wa baiskeli. Halafu nikaijaribu skrepa hiyo uani. Niliisukuma huku na huko, nimesimama wima, mgongo umenyooka, najisikia fundi wa mafundi. Wewe ulikuwa umesimama mlango wa jikoni na ungo mkononi.

"Wabeja, Baba Kulwa," ulinishukuru kwa Kisukuma. "Sasa na mimi nina mashine yangu."

Ulipita nayo mtaani umeibeba begani na kila aliyekuuliza ulimwambia ni mume wako ametengeneza. Nilivimba kichwa, sitasema uongo. Baadaye wenzako wakaja kuniomba niwatengenezee za kwao, nikawatengenezea, zote kwa kipimo kilekile.

Miaka minne uliitumia. Kila Ijumaa nilikunolea kisu chake, na hiyo niliihesabu kuwa mapenzi. Jumamosi jioni ulirudi umeshika kiuno kwa mikono miwili, unakaa kwenye kigoda taratibu, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Nikikuuliza, unasema ni uzee tu. Nikuchue kwa mafuta, unasema ahsante, kesho utakuwa mzima. Hukuondoka kwa mgongo, hilo najua. Homa ile ilikuja ghafla na daktari alisema wazi kwamba haihusiani na maumivu ya kiuno. Lakini mimi siwezi kuyatenganisha. Nikikukumbuka siku za mwisho, nakukumbuka ukitafuta namna ya kulala ambayo haiumi.

Tulipoanua matanga, Kulwa aliniomba ninoe skrepa yako. Nikaifunga kwenye jiriwa, na kwa mara ya kwanza nikautazama mpini, maana Ijumaa zote zile macho yangu yalikuwa kwenye kisu tu. Ule mpira mpya niliouvika juu ulikuwa bado mpya. Ulikuwa na vumbi tu, hakuna mkono uliokuwa umeusugua. Chini sana, karibu katikati ya bomba, ulikuwa umezungushia vipande vya tyubu na kuvifunga kwa uzi, na rangi yangu ya kijani ilikuwa imetoka yote mahali pale, chuma kimebaki cheupe. Kwanza nilidhani bomba lina ufa umeuziba. Nililikagua lote, halina ufa. Ndipo nikashika pale ulipokuwa unashika, nikaiweka skrepa chini nijaribu kusukuma.

Mama Kulwa, mpini ulikuja ukanigusa kifua. Kwako wewe ungekuja usoni. Ilibidi uulaze upite chini ya kwapa, na ukiulaza, kisu nacho kinalala, kinateleza juu ya ukoko bila kuuma. Ili kiume ilibidi uiname na kukikandamiza kwa uzito wako wote. Ndivyo ulivyofanya miaka minne. Nilikutoa kwenye kuchuchumaa nikakuingiza kwenye kuinama, na nikajipongeza. Fundi gani anapima chombo cha mwenzake kwa mwili wake mwenyewe? Baiskeli ya mteja siiachi mpaka apande nione kama miguu inafika. Wewe sikukupandisha.

Nikasema Kulwa hatapita njia ile. Nitatengeneza skrepa inayorefuka na kufupika, na kisu kinachobadilika mlalo: kisimame kidogo kwa ukoko mkavu, kilale kwa ule mbichi ili kisiguse saruji. Kuisema ni rahisi. Ya kwanza ilikuwa bomba ndani ya bomba, kama siti ya baiskeli inavyopanda na kushuka, imefungwa kwa boliti na nati. Nikasahau kwamba kina mama hawatembei na spana. Ya pili niliitoboa matundu na kuweka pini ya msumari. Unga wa mawe ukajaa ndani, pini ikiingia leo kesho haitoki. Ya tatu nilikuwa na imani nayo kweli. Kwenye shingo ya kisu niliweka vibapa viwili vyenye meno vinavyoumana, meno yote nimeyachonga kwa tupa mpaka vidole vikafa ganzi.

Kila nilipompa Kulwa nilimwuliza, "Vipi mwanangu, inakuumiza?"

"Hapana, baba. Ni nzuri tu."

Sauti ni yako. Ile ile, na macho yanatazama chini. Nilitamani kuitupa skrepa yenyewe barabarani. Kwetu binti hamwambii baba yake kwamba kazi ya mikono yake ni mbaya, na baba naye hamwambii binti yake inama nikuangalie kiuno. Basi tukakaa hivyo, mimi nabuni gizani, yeye anashukuru na kuumia.

Ukweli niliupata kwa Mama Shija, yule kiongozi wenu mwenye kicheko. Alikuja kuziba pancha akaniambia ile ya meno iliteleza katikati ya kazi, kisu kikalala ghafla, mwanangu akaanguka kwa goti mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimeambiwa amejikwaa mlangoni. Nilikaa chini palepale juu ya tairi.

"Baba Kulwa," alisema, "huyo mtoto hatakwambia hata umuue. Wewe njoo ukwangue mwenyewe."

Nilifikiria wiki nzima. Mwanaume mwenye mvi kama mimi, Jumamosi, kwenye sakafu ya kina mama! Lakini nilikuwa nimefika mwisho wa akili yangu. Nikaenda. Sikubeba zile mpya tatu, nilibeba yako.

Walinicheka, na ungekuwepo ungecheka kuliko wote. "Shikamoo mzee, umekuja kuposa au umekuja kuolewa?" Mwingine akasema, "Leo tumeletewa mke mwenza ana ndevu." Nikaitikia marahaba, nikawaambia mahari yangu wampelekee kaka yangu Tinde. Kulwa alijifunika uso kwa kitenge. Nikashika bomba pale kwenye vipande vya tyubu, nikaulaza mpini chini ya kwapa kama ulivyofanya wewe, nikaanza kutoka kwenye mashine kuelekea mlangoni.

Mstari wa kwanza nilijikaza. Mstari wa pili jasho likaanza kuingia machoni na kiuno kikawaka moto. Wa tatu sikuumaliza. Nilipotaka kunyooka mgongo haukukubali, nikashuka kwa magoti palepale kwenye ukoko, machozi yakanitoka. Sikulia kwa maumivu, mke wangu. Nilikuwa najumlisha Jumamosi za miaka minne.

Kulwa akaja akanitoa skrepa mkononi.

"Baba, inatosha," alisema. "Hapo unapoumia ndipo na mimi ninapoumia. Mama naye alikuwa anaumia hapohapo. Alitukataza tusikwambie."

"Kwa nini?"

"Alisema wewe umeitengeneza kwa moyo wako wote. Tukikwambia haifai utajisikia vibaya."

Kisha mwanao akafanya jambo ambalo tangu azaliwe hajawahi kunifanyia. Alichuchumaa mbele yangu akanikosoa. Aliniambia mpini uishie wapi kwenye mwili wake, akapaonyesha kwa kiganja bila aibu. Aliniambia meno ni mazuri ila yawe makubwa na machache, unga upate pa kutokea. Aliniambia kifungio kiwe cha mkono mmoja, kwa sababu mkono mwingine umeshika karai. Na wenzake wakaanza, kila mmoja na lake, mpaka Mama Shija akaniambia waziwazi kwamba ya kwake aliigeuza nguzo ya kuanikia nguo tangu mwezi wa kwanza. Nilichora yote kwa kidole kwenye unga wa sakafu.

Nimeitengeneza. Kifungio nimekitoa kwenye siti ya zile baiskeli za kisasa, unakivuta kwa kidole gumba tu. Kisu kina milalo mitatu, basi. Kulwa ameitumia Jumamosi mbili. Ya kwanza alirudi akaniambia shingo ya kisu inalegea, nikaikaza. Ya pili alirudi, akatua karai, akakaa kwenye kigoda mara moja kama mtu wa kawaida, akaomba maji. Hakusema ni nzuri. Mimi pia sikumwuliza.

Wanasema nifurahi. Wateja wananipa mkono, eti mzee umevumbua. Naitikia tu. Ninapaswa kufurahi kwa ajili ya mtoto na kweli nafurahi, lakini furaha yenyewe inanichosha, maana kila ninapokivuta kile kifungio na kuona mpini unavyoshuka kwa urahisi nakuona wewe umeulaza wa kwako chini ya kwapa, umenyamaza, unanitunzia heshima yangu. Heshima hiyo mimi sikuihitaji. Nilihitaji mgongo wako.

Jumatatu iliyopita, asubuhi, kabla ya wateja, niliifunga skrepa yako kwenye jiriwa. Hakuna atakayeitumia tena, Kulwa anayo yake. Nilipima kwa kumbukumbu mahali kichwa chako kilipokuwa kinaishia kwangu, nikashuka mpaka kifuani pako, nikatia alama kwa chaki. Kisha nikachukua msumeno wa chuma nikakata. Nilikuwa nimejimiminia chai kikombeni kabla sijaanza, na kipande kilipoanguka chini nikaichukua nikanywa, bado ilikuwa ya moto; kazi yote ilikuwa fupi kiasi hicho.

Ungeniambia tu, mama. Ningeikata siku ileile.

Lala sasa, nyoosha mgongo. Watoto nitawaangalia, na wakiniambia nimekosea nitawasikia.

Ni mimi mume wako,
Baba Kulwa na Doto