Betri Haikufa, Baba Akoth

Baba Akoth,

Sijui barua ya mtu asiyeweza kujibu huanzaje. Nikuulize habari zako? Basi nikupe zetu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha, wewe wa Kosele na mimi wa Ntimaru. Kijaluo changu bado kinamchekesha mama yako.

Ni miezi tisa sasa. Akoth ameng'oka meno mawili ya mbele. Baba yako alisema gari lisitoke bomani mpaka matanga yote yaishe, na hakuna aliyembishia. Likabaki nyuma ya nyumba chini ya turubai, limeinuliwa juu ya mawe. Kuku walitaga kwenye kiti chako. Niliwaacha.

Siku ile ulipokwenda Kisumu kutibiwa kifua, hata kuvaa viatu kulikuchosha, lakini uliniita kwenye boneti. "Robi, gari ikilala muda mrefu, betri inaisha yenyewe mpaka inakufa. Usiiache." Ukanionyesha harakaharaka: nifungue waya ya hasi kwanza, ya chanya baadaye. Maji yafunike vyuma vya ndani. Ichajiwe kila mwezi. Nilidhani unanifundisha kazi ya wiki mbili. Ulirudi kwa lori la kukodi, ndani ya sanduku.

Wiki moja baada ya kukuzika nilichukua spana. Watu walisimama kutazama, mjane anafungua boneti. Ndugu yako Odhiambo akaja. "Shemeji, wacha hiyo kitu. Itakufa tu. Nipe niwashe nayo redio." Nikamwambia, "Mwenyewe aliniachia mimi." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu mtu wa boma lenu. Mama yako akasema kwa Kijaluo maneno niliyoyaelewa vizuri kabisa, kwamba hawa wasichana wa Kuria wana vichwa vigumu.

Niliosha vile vichwa vya betri vinavyoshika waya kwa maji moto na magadi mpaka ule unga mweupe ukatoka, nikavipaka grisi, nikaiweka betri juu ya ubao karibu na dirisha. Asidi ilitoboa leso yangu ya kijani, ile uliyoninunulia Migori. Kwa kuwa ulikataza maji ya mto, nilikinga mvua kwa karai uwanjani, mbali na mabati. Na kila mwezi niliifunga betri wima kwenye keria ya baiskeli yako, nikaikokota mpaka kwenye kinu cha unga sokoni, ambako mzee mwenye kinu huchaji betri kwa dainamo ya injini yake. Alikuwa akivuta asidi kwa kipimo chake cha kioo, ananionyesha kielea cha ndani kinavyopanda, dalili kwamba chaji imejaa. Nilikuwa nafurahi. Halafu naona haya kwamba nimefurahi.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi wa sita nilikukasirikia. Ulijua, Baba Akoth. Ulijua hutarudi, ukanifundisha betri badala ya kuniambia. Kwa hasira hiyo nikaiacha wiki sita bila kuitazama. Nilipofungua vifuniko, vyuma vilikuwa nje ya maji, vikavu. Nililia pale sakafuni kuliko nilivyolia kaburini. Mvua haikuwapo. Nikachemsha maji, nikakinga mvuke kwa kifuniko cha sufuria, tone moja moja, siku mbili nzima. Mzee wa kinu aliichaji siku tatu. "Imerudi," alisema, "lakini imeumia."

Mwezi uliopita mama yako alishikwa na homa. Siku ya tatu asubuhi alikuwa hatambui mtu. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara matope, hakuna gari lolote lililopita. Baba yako, aliyelizuia kwa ajili ya matanga, akaja mlangoni akasema, "Toeni gari." Odhiambo akajaza magurudumu upepo, likashushwa kwenye mawe. Mimi nikaibeba betri, nikafunga chanya, kisha hasi. Odhiambo alipowasha mara ya kwanza, ikaguna tu. Mara ya pili ikaguna polepole zaidi, na Odhiambo akanitazama. Nikasema, "Ngoja kidogo. Ipumzike." Tukangoja. Mara ya tatu injini ikashika, kuku wakaruka wakipiga kelele, na baba yako akajifunika uso kwa kofia.

Kichwa cha mama yako kilikuwa mapajani mwangu mpaka Homa Bay. Daktari alisema tungekawia mpaka jioni, tungerudi na maiti. Alipopata fahamu alinitafuta kwa mkono. Miaka yote hii ameniita nyar Kuria, binti wa Kuria. Siku hiyo alisema, "Robi." Basi. Jina langu tu.

Sasa Odhiambo ananifundisha kuendesha kwenye kiwanja cha shule. Nimegonga goli mara moja. Angalau hasira imepungua. Nadhani ulitaka kuniambia siku ile kwenye boneti, maneno yakakataa kutoka, ukaongea yale uliyoyaweza.

Pumzika, Baba Akoth. Hapa tumesimama. Ila nakuahidi hili: siku yangu ikikaribia na nikaijua, nitamketisha Akoth mbele yangu, nimshike mikono yote miwili, nimwambie kwamba naondoka.

Mkeo,
Robi