Mgombea Asiyejitoa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini safari haikukuchosha na kwamba goti limetulia tangu mfike kwa kaka. Mama naye hajambo? Mkumbushe dawa ya presha ni baada ya kula, maana namjua, akifumbua macho tu anataka amalizane nayo. Sisi huku ni wazima. Nyumba yenu naipitia kila nikitoka kazini. Bati la jikoni bado linavuja palepale ulipopaziba, nimeweka ndoo.

Nimekupigia simu mara nyingi. Kaka huniambia umelala, au umetoka kunyoosha miguu. Nimeona niandike, maana barua haina mtandao wa kukatika, nawe sijawahi kukuona ukiweka barua pembeni bila kuisoma.

Unajua jinsi nilivyoingia katika kinyang'anyiro hiki cha udiwani. Sikukitafuta. Wazee wa mtaa wa nyuma ya zahanati ndio walionifuata, wakasema Bwana Lami akipita kwenye mchujo wa chama, ambao kwetu ndio uchaguzi wenyewe, nyumba zao na kiwanja cha wazi atapewa mwekezaji, na chama chetu kitageuka duka. Seremala naye alikuwa amefuatwa na watu wa upande wake kwa sababu ileile. Sote wawili ni wahafidhina wa kufa na kuzikwa. Tunataka kilichopo kitunzwe kabla hakijavunjwa, shule zirudi kwenye nidhamu, mali ya umma isiuzwe. Haya niliyasikia kwako mezani tangu nikiwa mdogo, na Seremala aliyasikia kwako vikaoni. Ungetusikiliza gizani usingejua nani ni nani.

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Bwana Lami, na ahadi zake za barabara hadi mlangoni mwa kila mtu, alikuwa na watu wake hawafiki nusu. Lakini sisi wawili tukisimama, angepita katikati yetu akipiga mluzi. Kwa hiyo nilikwenda karakanani kwa Seremala. Nilikaa juu ya mbao, mkewe akatuletea chai, tukaongea kama watu wazima. Tulikubaliana kwamba baada ya mikutano ya mwisho, atakayekuwa na watu wachache atakwenda ofisi ya chama kuondoa jina lake. Ukumbi wangu ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Wake ulikuwa nusu. Alikuja mwenyewe, akanipa mkono ambao bado ulikuwa na gundi, akasema, "Mkunga, uwanja ni wako. Kesho naenda kuondoa jina."

Nilikusimulia hayo jioni ileile, Baba. Ulikuwa unakunja gazeti. Ulisema vizuri, na ukaniuliza kama nimeshakula.

Siku ya kura nilifika kwenye shule tunayopigia, nikapewa karatasi, nikakuta picha tatu. Nilidhani macho yangu yamechoka. Nilitoka nje nikampigia Seremala. Aliniambia anashangaa kwamba mimi ndiye ninayemuuliza. Sikumwacha amalize, nilikata simu. Matokeo unayajua. Kura zangu na zake ukizijumlisha zilimzidi Bwana Lami kwa mbali, lakini hakuna anayejumlisha. Wewe ulikuwa umekaa karibu na ubao wa matokeo, fimbo magotini. Ulinitazama ukasema, "Ndiyo siasa, mwanangu." Kesho yake ukasema hali ya hewa ya huku inaliumiza goti, ukamchukua Mama mkaondoka.

Mimi nilibaki na hasira zangu, na zote nilimtupia Seremala. Nilimwambia langoni pa zahanati, watu wakisikia, kwamba ni msaliti, na kwamba mkono wake hauna thamani hata ya gundi inayoushika. Alivaa kofia yake akaondoka. Tangu hapo tukikutana njiani mmoja wetu huvuka upande wa pili.

Sasa, wiki iliyopita, binti yake aliletwa kwetu akiwa na uchungu wa kujifungua. Muuguzi mwenzangu alikuwa likizo, nilikuwa peke yangu. Sina haja ya kukueleza, kazi ni kazi. Mtoto alitanguliza makalio, na mama yake alikuwa ameishiwa nguvu. Kwa asubuhi nzima sikukumbuka kama kuna kitu duniani kinaitwa kura. Hatimaye alitoka msichana, akalia vizuri. Nilipomfunga kanga na kumpeleka kwa babu yake aliyekuwa kwenye benchi la nje, Seremala alimpakata. Kisha akaniuliza, bila kuninyanyulia macho, "Mkunga, nilikukosea nini hata ukamtuma mzee?"

Nikamuuliza mzee yupi.

Akanitazama, na nadhani tulielewa kwa pamoja, kila mmoja kwenye uso wa mwenzake. Baba, alinieleza yote. Kwamba asubuhi aliyokuwa anajiandaa kwenda ofisini, wewe uliingia karakanani. Ulisema nimekutuma. Ulisema nimeelemewa, nalia tangu jana, nimeamua kujitoa mimi ila naona aibu, kwa hiyo asinipigie wala asinifuate, aache tu jina lake, langu nitaliondoa kimyakimya. Alikuamini. Wewe ndiye uliyemtia kwenye chama na kumfundisha kusimama mbele ya watu. Angemwamini nani zaidi yako?

Nilikutetea. Nilimwambia pengine ulitaka kumjaribu, pengine alisikia vibaya. Mkewe, aliyekuwa amekuja na maji ya moto, ndiye aliyenifunga mdomo. Aliuliza mbona yeye alitaka kuja kunifariji siku hiyo, na wewe ukamkataza.

Kisha nikauliza kwa nini, ingawa moyo haukutaka kujua. Seremala hakutaka kusema. Nilimbana. Alisema ulipokuwa mlangoni uligeuka ukamwambia, "Wewe nitaweza kukuelekeza. Yule hanisikii tena."

Basi. Hilo ndilo lililonileta kwenye kalamu. Ungeniambia sifai, ningenuna na kesho tungekunywa chai. Ungesimama ukumbini ukasema chagueni Seremala, ningeumia, lakini ningejua niko na baba yangu. Uliuliza kama nimekula, ukalala, ukaamka, ukaenda kunililia machozi ambayo sikuyatoa. Na hukumpata hata huyo wa kumwelekeza. Juzi watu wa Bwana Lami walipita mtaa wa nyuma na rangi nyekundu, wakiweka alama za kubomoa ukutani. Nyumba ya shangazi imewekwa alama mbili.

Nimemwomba Seremala msamaha palepale langoni nilipomtukania, tena niliwaita watu wasikie. Sasa tunapita pamoja nyumba hadi nyumba, mimi na yeye, tuone kama mtaa unaweza kusimama pamoja kabla ya tingatinga kufika. Wengine wanatucheka, wanatuuliza tulikuwa wapi siku ya kura. Hatuna jibu la kuwapa bila kukutaja, kwa hiyo tunanyamaza.

Lakini kuna jambo sitalinyamazia, na sitaki ulisikie kwa mtu wa pembeni. Mwezi ujao tawi linachagua mwenyekiti. Kiti chako, Baba. Nimechukua fomu ya kukigombea, Seremala amenidhamini, na hakuna mwingine aliyejitokeza. Tutakuwa wawili tu, mimi na wewe. Ukitaka kusimama, simama. Nitakuachia uzungumze kwanza, kwa sababu ya umri na kwa sababu ni baba yangu, kisha nitazungumza mimi. Karakana sitaizungumzia. Kama itatajwa, utaitaja wewe.

Sijui kama Mama anajua. Kama hajui, mwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumwandikia hili. Nibusie watoto wa kaka, na mwambie kaka simkasirikii kwa simu, najua amri ilitoka wapi. Mkirudi, nijulisheni siku nije niwapokee stendi, usije ukabeba mizigo na goti hilo. Mungu awatunze.

Ni mimi mwanao, ambaye bado anakusikia,

Mkunga